Simu Haina Desemba

Mwaka jana watu wa nyumbani kwangu walikaa kikao mimi nikiwa kazini, wakapitisha kwamba baba aache kuandika mambo yake kwenye diari, ahamie kwenye simu. Sababu zilitolewa za kutosha: kabati limejaa, mende wanazaliana humo, na mwandiko wangu hausomeki. Hiyo ya mwandiko ndiyo iliyonikera zaidi. Diari ni yangu, mipango ni yangu, na kwa miaka yote niliyoandika sijamwomba mtu asome. Mwandiko usiosomeka ni kufuli la bure, halina haja ya paswedi.

Utekelezaji akakabidhiwa mpwa wangu, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta na ambaye bado anasubiri ajira, kwa hiyo muda anao. Akaja Jumapili, akanipa shikamoo ndefu ya mtu mwenye jambo, akaomba simu. “Anko, nipe tu nikuwekee.” Nikampa. Akashusha programu ya kupangia mambo, bure kwa wiki mbili za mwanzo, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma: akazitoa diari zangu zote kabatini, za tangu enzi za Mkapa, akakaa nazo sebuleni kutwa nzima na chupa za soda, akanakili ndani ya simu kila jambo ambalo halikuwa na alama ya vema. Mwandiko usiosomeka ghafla ukasomeka.

Naomba nieleweke. Mimi si adui wa teknolojia. LUKU nanunua kwa simu, rambirambi natuma kwa simu, hata ugomvi na fundi wangu wa useremala siku hizi tunaufanya kwa ujumbe wa sauti. Ninachosema ni kwamba mpango ulioandikwa kwenye karatasi ulikuwa na haki zake, na haki yake ya kwanza ilikuwa kufa.

Kwa wasiozijua diari, nitaeleza. Zimekuwapo dukani tangu 1812, John Letts alipoanza kuwachapia wafanyabiashara wa London, lakini sisi hatukuwahi kuzinunua. Ilikuwa ikifika Desemba, mtu mwenye akili anavaa shati lililopigwa pasi, anapita kwenye mabenki na kampuni za bima, anauliza hali za wafanyakazi, anasifia huduma hata kama amesimama foleni tangu asubuhi. Akiondoka, kwapani ana diari: jalada la kahawia linalojifanya ngozi, mwaka umechapwa kwa rangi ya dhahabu, utepe mwekundu wa kuwekea alama. Kurasa za mbele zimebeba elimu ya dunia nzima, umbali wa kutoka mji hadi mji, Tokyo sasa hivi ni saa ngapi, painti ngapi zinafanya lita, na mahali pa kujaza kundi lako la damu ambapo sijaona mtu aliyejaza.

Tarehe mosi Januari unakaa mezani na kalamu mpya. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa kujitahidi: Kupaka rangi geti. Kumaliza banda la kuku. Kufuatilia hati ya kiwanja. Kupunguza tumbo. Kwenda Korogwe kumwona shangazi. Kujifunza Kifaransa. Ikifika Machi, kurasa zimeingiliwa na namba za mafundi na hesabu za nani ananidai. Julai diari imekuwa mahali pa kuhifadhia risiti. Desemba inafungwa, inapanda kabatini, na yote yasiyofanyika yanazikwa humo bila matanga. Januari unapewa nyingine, unaandika: Kupaka rangi geti. Na geti lilelile, kutu ileile, linakuwa wazo jipya kabisa. Nimeanza maisha upya mara nyingi namna hiyo, tena kwa gharama za benki.

Simu haina Desemba. Usiku wa kuamkia mwaka mpya watu wanapiga fataki na kuchoma matairi barabarani, yenyewe inahamisha mizigo tu: geti, banda, hati, tumbo, shangazi, Kifaransa. Yote yanavuka yalivyo, na pembeni, kwa rangi nyekundu, inaandika “Umechelewa”. Ingeandika “Bado”, tungeelewana. Bado ni neno la kiungwana, linampa mtu nafasi. Na kwa kuwa mpwa wangu alinakili pamoja na tarehe za zamani, nina jambo lililochelewa tangu 2003. Linasema: Kumwona yule mzee wa pampu. Mzee gani? Pampu ipi? Ya maji, ya baiskeli, ya dawa ya mikorosho? Diari ingekaa kimya na siri yake. Simu inanikumbusha kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nikamwone mtu ambaye huenda alishatangulia mbele za haki.

Wanaodhani vita hii imeanza na simu hawamjui Benjamin Franklin. Huyu Mmarekani wa karne ya 18, mchapaji wa Philadelphia, alijitengenezea kijitabu cha kujirekebisha: maadili 13, kila adili wiki yake, ukizunguka mara nne mwaka umekwisha. Kila jioni anaweka doa jeusi palipo na kosa. Zamu mpya ikianza anayakwangua madoa ya zamani apate nafasi ya mapya, na ameeleza mwenyewe katika wasifu wake kwamba kwa kukwangua huko kijitabu kikajaa matundu. Akahamia kwenye kurasa za pembe ya ndovu: mistari kwa wino mwekundu usiotoka, makosa kwa penseli, na sponji bichi la kufutia. Mtu aliyepata kufungua duka la karatasi na vifaa vya kuandikia ameikimbia karatasi, na tembo wa watu akaumia ili mzee wa Philadelphia apate kishikwambi.

Lakini tazameni alichokipata: kitu kinachofutika. Unalowesha sponji, unapitisha, makosa ya zamu nzima yameondoka, unalala usingizi wako. Na adili lililomsumbua kuliko yote, kwa maneno yake, lilikuwa la utaratibu, yaani kila kitu mahali pake na kila kazi kwa wakati wake. Mtu aliyekuwa kwenye kamati ya kuandika Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776 alishindwa kupanga makaratasi yake. Nilipompelekea mama watoto habari hii, nikitegemea kuungwa mkono, alisema Franklin angalau ameacha kinga ya radi.

Karibu na zama zetu yupo Ryder Carroll wa Brooklyn, New York. Kazi yake ilikuwa kubuni vitu vya kidijitali, na pamoja na hayo mipango yake aliiweka kwenye daftari. Mwaka 2013 akautangaza utaratibu wake, Bullet Journal: nukta kwa kazi, duara kwa tukio, kistari kwa dokezo. Mwezi ukiisha, kazi ambazo hazijafanyika unazihamishia ukurasa mpya kwa mkono wako, moja baada ya nyingine. Na ujanja wote upo hapo. Kama jambo halistahili hata taabu ya kuandikwa upya, likate, halikuwa na maana. Nilipofika hapo nilitaka kusimama nipige makofi. Kumbe miaka yote nilipokuwa nikiitwa mvivu, nilikuwa nachuja! Kifaransa kilichujwa mwaka ambao kalamu iliisha wino nikiwa nimefika “Kujifunza Kifa”, nami nikaona huo ni uamuzi. Mpwa wangu akakifufua. Simu mkono hauiumi, kwa hiyo haichuji kitu. Inahamisha mambo mia kwa kufumba na kufumbua, na haijawahi kuuliza kama lile la pampu bado lina mwenyewe.

Halafu saa. Simu hii imewekwa Kiswahili, inaniandikia Jumatatu, inaniandikia Septemba, lakini saa zetu hazijui. Ukiiandikia kikao cha wazazi ni 3:00, inakiweka saa tisa za usiku, na saa tisa hiyo inapiga kengele, nyumba nzima inaamka, mbwa wa jirani wanajibu. Kwa hiyo kila jambo linataka hesabu: fundi bomba kasema saa nne, jumlisha sita, andika 10:00, akija saa nane, jumlisha sita, 14:00, halafu yeye mwenyewe anakuja siku ya pili yake na hakuna cha kujumlisha. Kwenye diari nilikuwa naandika “fundi, saa 4”, basi. Karatasi ilizaliwa hapahapa.

Na sherehe zetu za usiku wa kuamkia Jumapili je? Kwa simu, harusi inaanza Jumamosi, na katikati ya muziki, MC hata hajawaita wajomba wapeleke zawadi, tarehe inageuka na shughuli inahesabiwa ya jana. Idd nayo imeshaandikwa humo tangu zamani, pamoja na tarehe, bila wasiwasi wowote. Huku mtaani watu wazima tumekaa redioni tunangoja tangazo la mwezi, mchele umechambuliwa haujui unapikwa kesho au keshokutwa, na jogoo aliyefungwa mguu chini ya meza anaomba mawingu. Diari ilikuwa inaniruhusu kuandika “Idd, Jumatano au Alhamisi”. Kwenye simu sijaona mahali pa kuweka “au”. Wala mialiko ya humo haina adabu: inakupa Ndiyo, Hapana na Labda. Mtu mstaarabu atabonyeza wapi? Hapana ni ufidhuli, Ndiyo ni kujifunga kamba, Labda ni tusi. Inshallah hawakuiweka.

Mpwa wangu husema shida yangu ni kwamba naitumia peke yangu. Mipango ya kidijitali inanoga ikishirikisha watu wengi. Nikamwambia mwanangu, mimi ni mjumbe wa kamati ya harusi. Aliyewahi kuwa humo anajua. Kundi lina watu hadi wengine hawajuani na bibi harusi. Kila anayeahidi mchango ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Wawili wakibandika kwa wakati mmoja, mmoja anamfuta mwenzake. Jina langu lilifutika namna hiyo, pamoja na laki moja niliyokuwa nimekwisha kuituma, na kwa siku kadhaa nikawa naitwa mbele ya ukoo wa pande mbili, kwa heshima na vikatuni vya mikono iliyounganishwa, niikumbuke ahadi yangu. Nikatuma ujumbe wa muamala. Ukamezwa na picha za sare, kitambaa cha kijani kwa upande wa baba, cha maji ya kunde kwa upande wa mama. Nikautuma tena. Ukamezwa na mtu anayeuliza ukumbi uko wapi, swali ambalo lilishajibiwa tangu kikao cha pili.

Aliyeniokoa ni mhazini wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Nyumbani kwake ana kaunta buku la kwaya mbili. Akalifungua, akaupiga picha ukurasa, akaituma kundini: jina langu, kiasi, tarehe, wino wa bluu, na mstari uliopigwa kwa rula. Kelele zikaisha palepale. Hakuna aliyebisha, maana hakuna anayebishana na rula.

Wiki mbili za bure zilipokwisha, programu ikataka dola. Kila mwezi, kwa kadi ya benki. Yaani diari niliyokuwa napewa na benki bure, sasa naipa benki kazi ya kuilipia. Nikakataa. Nilitegemea basi ijifunge, iondoke na mambo yake. Wapi. Kengele zilibaki, nyekundu ilibaki, “Umechelewa” ilibaki. Kilichoondolewa ni uwezo wa kuchagua rangi nyingine. Umeme ukikatika na chaji ikaisha napata mapumziko kidogo, lakini ukirudi arifa zinaingia zote kwa mkupuo, zikigombania mlango.

Nitatenda haki: karatasi nayo ina aibu zake. Diari yangu ya mwaka mmoja ilitoka nyumbani kwa njia ambayo hakuna anayekiri, ikafika kwa kijana muuza karanga wa pale kituoni. Jioni moja ninashuka daladala, nanunua karanga, nakunjua karatasi nikiwa natembea, nakuta “Kupunguza tumbo” kwa mwandiko wangu mwenyewe, na chumvi juu yake. Nikazila zote. Lakini yule kijana alinipa chenji yangu akaendelea na kazi, hakunifuata hadi nyumbani kuniuliza limepungua kiasi gani.

Yote haya ningeyavumilia kama mama watoto asingeingia humo.

Mama watoto ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka yote nimemwona akiandika azimio la kazi na andalio la somo hadi usiku, mimi nimelala, wala sikuwahi kuhisi kwamba elimu ile ina hatari yoyote kwangu. Kisha vikaja vishikwambi. Ni vile vya Sensa ya 2022, vilivyozunguka nchi nzima hadi watu wakafika 61,741,120, na kazi ilipokwisha vikagawiwa kwa walimu. Chombo kilichomaliza kazi ya ukubwa huo hakiwezi kushindwa kuhesabu Jumamosi zangu. Mpwa wangu akatuunganisha sote kwenye kalenda moja ya familia. Mama ndiye mwenye nayo, sisi wengine tumekaribishwa.

Haikupita muda mipango yangu ikawa imepangwa upya kitaalamu. “Kupaka rangi geti” sasa ina lengo kuu, lengo mahususi, zana (msasa, brashi, tina, gazeti la kutandika chini), muda, na mwishoni zile safu ambazo kila mwalimu anazijua: Tathmini na Maoni. Jumamosi ya kwanza aliandika, Tathmini: “Hajaanza.” Maoni: “Anahitaji msaada wa karibu.” Iliyofuata nilinunua brashi, nikapewa “Anaonyesha dalili.” Iliyofuata nilikuwa msibani Mkuranga, na yeye anajua kwamba nilikuwa msibani, maana ndiye aliyenipa nauli. Ameandika “Utoro.”

Watoto wanaona kila kitu. Yule wa darasa la nne amegundua mahali pa kuweka nyota, na kwenye banda la kuku ameniwekea moja kati ya tano. Nilipomwita kumuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole kwamba angeniwekea sifuri ila mfumo haukubali. Mkubwa wake, ambaye yuko bweni na simu haruhusiwi, akirudi likizo kitu cha kwanza anachouliza baada ya shikamoo ni kama geti limepakwa. Shangazi wa Korogwe naye amepata habari kwamba yumo kwenye orodha, sijui nani kamwambia, na sasa anapiga simu kujua amepangiwa tarehe gani, kwa sababu anataka anifugie bata.

Nilipoona geti limewekwa lijirudie kila Jumamosi bila mwisho, yaani hata nikiwa kaburini simu itakuwa inanidai, niliamka usiku nikaingia kulifuta. Simu ikanijibu kwa Kiswahili safi kwamba sina ruhusa, niwasiliane na mmiliki wa kalenda. Mmiliki wa kalenda alikuwa amelala ubavuni kwangu, kajifunika shuka hadi shingoni.

Asubuhi nikamfuata jikoni, nikamwita “Mwalimu”, maana ombi lenyewe lilikuwa rasmi. Nikamwambia naomba geti liondolewe, au walau lisijirudie. Akafuta mikono, akafungua kishikwambi, akatazama kwa makini, akasema hawezi kushughulikia maombi ya mdomo. Niombe humo humo, nichague nafasi iliyo wazi, atanisikiliza. Nimetafuta. Nafasi ya karibu ni Alhamisi ijayo, 3:00. Nimemuuliza kama hiyo ni ya asubuhi. Ameniambia nisome kama ilivyoandikwa.